Tonge la Mwavita

Assumani hakuwa na baba. Hakuwa na shamba la michikichi, hakuwa na mtumbwi, hakuwa na mjomba ofisini. Diploma hakuwa nayo, maana shule aliyosoma ilikuwa ya jioni, baada ya kazi, katika darasa la kuazima mjini Bujumbura. Viatu alikuwa na jozi moja. Alichokuwa nacho ni mwandiko mzuri, na kazi ya kuosha vyombo vya tiba vya daktari katika hospitali moja mjini humo. Kazi hiyo aliifanya akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kupokea nishani.

Mwaka 1970 alirudi likizo kwao Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Sokoni, kati ya madumu ya mawese na kelele za wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikanyaga kipande cha sabuni kikasagika.

"Hiyo umeinunua, kaka."

Aliinua macho. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba kama unyasi, amejifunga kitenge cha njano na kilemba chake, ameketi nyuma ya sabuni zilizopangwa kama matofali.

"Nimeikanyaga tu, dada."

"Kwetu kukanyaga iko kununua. Na viatu vinavyong'aa hivyo, utaweza."

"Haya, nanunua. Lakini twende tule samaki pale, mukeke wa kukaanga, nisahau hasara."

Kicheko cha msichana kilikatika. "Murakoze, asante. Nimeshiba."

Aliitwa Mwavita, na shangazi yake alikuwa mpika sabuni. Assumani alirudi kesho yake, na keshokutwa, akinunua sabuni kila mara, hadi mama yake, Bi Kadidja, akamuuliza kama anataka kuwa dobi.

"Kama ni huyo musichana, mulete ale kwangu," alisema. "Sabuni hailiwi."

Ijumaa, Mwavita alifika. Pwani ile mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha kwamba chakula hakina sumu. Bi Kadidja alimega bugali, akachovya katika mchuzi wa mukeke, akatafuna, akameza, akasogeza sahani.

"Karibu, mwanangu. Kula."

Mwavita alishika tonge. Macho yakamjaa machozi. Akalirudisha. "Munisamehe, mama. Siwezi."

"Huwezi? Nimeonja mbele yako!"

"Siwezi, mama."

Bi Kadidja alisimama. "Assumani, muchumba wako ananiita mulozi ndani ya nyumba yangu."

Nje, kando ya ukuta, Assumani alimshika Mwavita mkono. "Hata tonge moja? Kwa ajili yangu?"

"Usiniulize."

"Basi na wewe usinitafute."

Kesho yake alipanda lori la mawese, akarudi Bujumbura.

Miezi minane ikapita. Siku moja asubuhi aliitwa kwenye simu ya hospitali.

"Alo? Ni mimi. Yule wa sabuni."

Alitaka kukata, lakini sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea kupitia kitambaa. "Sema."

"Niko posta, watu wananisikiliza. Wasikilize tu. Siku ya uhuru, mwaka wa sitini na mbili, nilikuwa na miaka kumi na mbili. Wote walikimbilia ngoma. Mimi nilishikwa na kiu, nikachukua kopo jikoni kwa shangazi, nikanywa haraka nisichelewe. Yalikuwa maji ya soda kali, ile ya kupikia sabuni."

Assumani alibana simu sikioni.

"Koo liliungua, likapona vibaya, likabana. Tangu hapo nakunywa uji. Sasa na uji wenyewe unagoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani ataoa mwanamuke asiyekula? Niliona heri mama yako anichukie kuliko wewe kunihurumia."

"Mjinga wewe," alisema. "Hapana, mjinga ni mimi. Kila siku naosha vyombo vya kukutibu kwa mikono hii, na sikujua. Panda lori kesho. Mwavita? Unanisikia? Kesho!"

Daktari alikuwa Mbelgiji mwenye maneno machache. Alimlaza Mwavita chali, kichwa kikining'inia, akamnyunyizia koo dawa ya ganzi, akapitisha bomba la chuma lenye taa ndogo kwenye ncha. Assumani alimshika mkono wa kushoto. Daktari akamwita naye achungulie: chini ya umio palikuwa na kovu jeupe, na katikati yake tundu dogo kuliko jicho la ndagala.

"Tunapanua polepole," daktari alisema. "Uzi kwanza."

Kwa siku mbili Mwavita alimeza uzi wa hariri kidogo kidogo pamoja na maji, ncha yake imebandikwa shavuni kwa plasta. Uzi ulipokwisha kushika matumboni, vijiti laini vilitelezeshwa juu yake, chembamba kwanza, kisha kinene, kila kimoja na namba yake. Bila uzi wa kukiongoza, kijiti kingeweza kutoboa umio. Na ilipasa kurudia kila wiki mbili. Ukiacha, kovu hubana tena.

"Mumenivua kama mukeke," Mwavita alisema, akigusa plasta.

"Mukeke hana maneno mengi hivyo."

"Basi kata uzi, nirudi ziwani."

"Sikati. Nimekuvua, nitakuoa."

Bi Kadidja alikuja mwenyewe kwa lori na chupa ya uji. Alimimina, akaonja, akampa. Alisubiri mpaka kikombe kilipokwisha. Ndipo akasema, "Nisamehe, mwanangu," akageukia dirishani.

Machi 1972 walifika kijiti namba thelathini. Mwavita alikula yai, ndizi ya kuponda, minofu ya samaki. Mashavu yalianza kumjaa. Bugali tu ndio aliukataa.

"Tonge la kwanza nitalila mkononi mwako siku ya ndoa, mbele ya mama yako. Kabla ya hapo, hapana."

"Na nikichelewa?"

"Nitakaa na njaa, mupenzi. Njaa nimeizoea."

Ndoa ilipangwa mwezi wa tano. Mwavita aliteremka Rumonge kushona nguo.

Mwisho wa mwezi wa nne vita viliingia Rumonge. Waasi waliokuja kwanza waliua, na askari waliokuja kuwafuata waliua zaidi. Watu wakakimbilia majini. Barabara ya ziwani ikafungwa. Daktari alirudi kwao Ulaya. Pale hospitali, kila asubuhi, karatasi ya majina ilisomwa uani. Walioitwa walipanda lori na makoti yao meupe, na hawakurudi.

Asubuhi moja alikuja hospitalini Cirhuza, mchuuzi wa vitenge kutoka Kivu, aliyevuka ziwa kwa siri.

"Wako hai," alinong'ona. "Mama yako na muchumba. Wako Kigoma."

"Na koo?"

"Linabana. Kuna munganga wa misheni pale, ana bomba kama lenu. Muchumba anakataa. Anasema uzi ataumeza mbele yako tu, na bugali ataanza nawe. Amebaki mifupa, kaka. Twende nikuvushe."

"Kitambulisho changu kimeandikwa Rumonge, na wote wa Rumonge wanahesabiwa waasi. Sitapita barieri ya kwanza ya askari, na wewe utakufa pamoja nami."

Cirhuza aliinamisha kichwa. "Basi andika. Karatasi moja tu."

Assumani aliosha mikono, akaketi, akaandika kwa mwandiko wake bora kabisa.

*Dokteri mheshimiwa. Mgonjwa ni Mwavita, miaka ishirini na miwili. Umio umebanwa na soda. Tulifika namba thelathini. Anzeni tena na namba ndogo. Bila uzi msisukume. Anaogopa kulala chali. Mshikeni mkono wa kushoto.*

Chini yake akapiga mstari.

*Mwavita. Uzi huu nimeuchemsha mwenyewe. Umeze. Ile ahadi ya tonge nimekufungulia. Mama yuko hapo. Yeye ataonja, nawe ule. Usinisubiri. Siku utakayolimeza, hesabu kwamba nimekuoa.*

Uani askari alikuwa ameanza kusoma majina. Assumani hakuharakisha. Alizungusha uzi wa hariri ukawa kama pete, akauweka katikati ya karatasi, akaikunja na kuitia ndani ya bahasha. Alilamba gundi yake, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Cirhuza aliificha chini ya soli ya kiatu chake, akatoka kwa mlango wa chumba cha kufulia, akashika njia ya ziwani.