Shimo Nyuma ya Mawe

Haya yalimkuta rafiki yangu Prudencia. Mumewe, Projest, anaendesha gari la watalii lenye vitanda na choo ndani, na siku hiyo tanki la choo lilijaa. Wakazunguka Busisi wakitafuta pa kumwaga, mtoto wao Felista analia mgongoni mwa mama yake.

"Mama Felista, huku sijawahi kufika, haki ya Mungu!" Projest aliapa.

Lakini giza lilipoingia alikata kona bila kuuliza mtu, hadi kwenye shimo nyuma ya mawe.

"Njoo unimulikie. Sogea kabisa."

Akachomeka bomba. Maji taka yakashuka, yakashuka, wala hayakusikika yakigonga chini. Projest akainama.

"Shikamoo," akasema.

Mle shimoni sauti ya kizee ikaitika taratibu: "Marahaba, Projest. Mbona umeleta wawili?"