Usizime Ufunguo Mteremkoni

Kila asubuhi, saa moja kasoro dakika kumi, Baba Kitinda alitoa pikipiki yake uani. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, ya zamani, yenye kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku mawili ubavuni. Kwa ajili ya masanduku hayo majirani waliipa jina la Kabati. Yeye mwenyewe alikuwa fundi saa, nao walimwita Dakika.

Kitinda, binti yake wa mwisho aliyempeleka shule, alivaa helmeti, akapanda nyuma, akamshika baba kiunoni. Mama yake, fundi cherehani, aliwasindikiza hadi getini akiwa na pini mdomoni. Hakuweza kusema kwaheri. Alipunga mkono tu.

Siku moja Kitinda aliamka na mafua, akabaki nyumbani na dada yake mkubwa. Mama alikuwa na sare za kupeleka shuleni. Akazikunja vizuri, akazipanga kwenye masanduku, akapanda yeye badala ya mtoto.

Walipofika juu ya mteremko, Dakika akazima ufunguo. Injini ikanyamaza.

"Baba Kitinda, imezimika?"

"Nimeizima mwenyewe. Mteremko wote huu, nichome mafuta ya nini? Inashuka bure."

"Kila siku unafanya hivi?"

"Kila siku. Halafu breki zake ukizigusa zinalia, nging, nging. Zinakula betri. Nikizima, kimya."

Upepo ukavuma masikioni. Chini kabisa, lori la mchanga likaanza kutoka kwenye geti la watu kinyumenyume. Polepole likaziba njia.

Dakika akaminya breki ya mkono. Akakanyaga ya mguu. Kabati ikaendelea kushuka kama haijaambiwa kitu. Akaminya tena kwa nguvu zote, mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. Ikapunguza mwendo kidogo, kidogo mno.

"Simamisha," mkewe alisema.

"Haisimami."

Akakata kushoto, akapenya kwenye uwanja wa seremala, akaingia moja kwa moja kwenye rundo la maranda. Magurudumu yakazama nusu. Kabati ikasimama, kisha ikalala ubavu taratibu.

Hakuna aliyeumia. Mama Kitinda alikaa juu ya maranda, macho yamemtoka. Seremala akamuuliza kama yu mzima. Mama wa watu alikuwa akihesabu kimoyomoyo: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku zote hizo mwanawe alikuwa amekaa pale alipokuwa amekaa yeye.

"Mtoto hapandi tena," alisema mwishowe. "Mpaka nijue kwa nini haikusimama."

Dakika akaanza kuichomoa Kabati kwenye maranda.

Waliikokota Kabati hadi nyumbani. Mchana akaja dada yake Dakika, ambaye ni fundi wa pikipiki kubwa. Aliizunguka Kabati mara mbili. Kisha akainama mbele ya usukani, penye mshale wa mwendo. Akaona kipande cha utepe mweusi.

"Hiki nini?"

"Kulikuwa na taa, dada. Kila nikiwasha inanikonyeza. Nikaiziba."

"Taa inakukonyeza, wewe unaifumba jicho. Na wewe fundi." Akamgeukia mke wa kaka yake. "Wifi, huyu ulimpendea sura tu, si bure."

"Sura yenyewe leo ilijaa maranda, wifi."

Dada mtu akaubandua utepe, akawasha ufunguo. Taa nyekundu ikawaka, ikazimika, ikawaka.

"Wifi, cherehani yako ni ya umeme," alisema. "Umeme ukikatika unafanyaje?"

"Nazungusha gurudumu kwa mkono. Sindano inatoboa tundu moja moja. Kazi ya saa nzima inakuwa ya siku nzima."

"Basi na breki hizi ni hivyo hivyo. Hapa chini ya tangi kuna pampu ya umeme. Ukigusa breki, pampu ndiyo inayoibana kwa nguvu. Huo mlio ni pampu ikifanya kazi. Ukizima ufunguo, umeikatia umeme. Unabaki na nguvu za vidole vyako, na pikipiki hii ina uzito wa watu wanne."

"Na hizi herufi hapa kando ya taa, ABS?" Mama Kitinda aliuliza.

"Ni kifaa kinachozuia gurudumu lisikwame ukateleza, ukifunga breki ghafla. Nacho kinataka umeme huo huo."

Dakika akakalia ndoo iliyofunikwa. "Kwa hiyo kila asubuhi..."

"Kila asubuhi umeshuka na mtoto kama hamna breki. Bahati yako hakuna aliyekatiza."

"Nilidhani ule mlio ndio ubovu."

"Ubovu ulikuwa ule ukimya, kaka."

Mama Kitinda aliuokota utepe mweusi, akaufinyanga, akautupa.

Fundi akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Taa hii inatakiwa iwake ukifungua ufunguo, izimike ukianza kwenda. Ikiendelea kukonyeza, huendi popote. Mafuta ya breki ulibadilisha lini?"

"Mwaka juzi. Kwenye magurudumu yote mawili."

"Na kwenye pampu?"

Dakika akamtazama mkewe, utadhani mkewe ndiye anayejua. "Pampu nayo ina mafuta?"

Kesho yake, katika karakana ya dada, tangi lilivuliwa. Mafuta yaliyotoka kwenye pampu yalikuwa meusi kama chai iliyolala. Fundi aliyaweka kwenye chupa, pembeni ya mapya, yaliyokuwa ya manjano mepesi.

"Yakikaa sana yanaingia maji," alisema. "Maji yanaleta kutu humo ndani. Yakipata moto yanachemka, breki inalegea. Kila mwaka yabadilishwe, magurudumuni na kwenye pampu, na fundi anayezijua hizi."

Akapima betri. Ilikuwa imechoka, akaweka nyingine. Walipoiendesha uani, taa ikazimika yenyewe.

Jumapili asubuhi barabara ilikuwa tupu. Fundi alichora mstari wa chaki chini ya mteremko, pale lori lilipoziba njia, akasimama pembeni.

"Ufunguo usiguswe," alimwambia kaka yake kabla hajapanda juu. "Injini inaunguruma, gia imeingia. Na breki uguse taratibu. Hizi zinauma."

"Nani anakaa nyuma?" Dakika aliuliza.

"Mimi," mkewe alisema.

Wakashuka. Walipokaribia chini Dakika akagusa breki. Nging. Kabati ikakita chini, ikasimama, na helmeti ya mke ikagonga ya mume.

"Nimesema taratibu," sauti ikatoka chini.

Mama Kitinda akashuka. Akatembea kutoka gurudumu la mbele hadi kwenye chaki. Zilibaki hatua kumi na nne. Akageuka, akaitazama pikipiki kama vile hajawahi kuiona.

"Wifi, ilikuwa inaweza hivi siku zote?"

"Ikitunzwa, siku zote."

Akapandisha mteremko, akapanda nyuma ya mumewe, akafunga mkanda wa helmeti.

"Kesho Kitinda utampeleka," alisema. "Lakini kwanza turudi juu, unishushe tena. Mara ya kwanza nilifumba macho."