Alama ya Utulivu

Kila asubuhi, wakati wa chai ya saa nne, ukuta wa chumba cha walimu uliwaka na kutangaza matokeo. Majina yalipanda moja baada ya jingine kwa maandishi ya nuru, na mbele ya kila jina herufi moja: A, B, C, na kuendelea huko chini ambako hakuna mtu aliyetaka kufika. Hayakuwa matokeo ya wanafunzi. Yalikuwa ya walimu wenyewe, na somo walilotahiniwa lilikuwa utulivu.

Mashine iliyowatahini ilikuwa utepe mwembamba ulioshonwa ndani ya kola ya shati au ukosi wa gauni. Waliuita kisomaneva. Kisomaneva kilisikiliza mapigo ya moyo, kikaonja jasho la shingo, kikapima sauti ilipoanza kukwaruza, mwisho kikaamua kama mwalimu huyu amechoka uchovu wa kawaida au amechoka uchovu wa kuugua. Aliyeonekana anaugua angepunguziwa vipindi, na mkufunzi-bandia, mashine ya kufundishia yenye sauti ya upole, angeshika madarasa yake mpaka apate nafuu. Hivyo ndivyo alivyokusudia aliyekibuni, Daktari Atuganile Mwasomola, mhandisi wa neva ambaye pia alifundisha umeme hapohapo, Chuo cha Ualimu Igongwa, juu ya miamba ya Iringa.

Kusudi lilikuwa jema. Kasheshe ilianza pale Mkuu wa Chuo, Mzee Chengula, aliposema kitu kizuri namna hii kisifichwe, akaagiza alama zionyeshwe ukutani.

Sasa mchukue mtu ambaye kazi yake maisha yote ni kuwapa wenzake alama, umpe na yeye alama, halafu uzitundike mbele ya watu wanaokunywa chai. Unategemea nini? Hakuna aliyetaka tena kupunguziwa vipindi. Kila mtu alitaka A. Watu wazima wenye vitambi na wajukuu wakaanza kuchungulia herufi za jirani. Na kwa kuwa ni watu wa chuo, wakaleta na lugha yao ya chuo: aliyepata F akaambiwa kala sapu, yaani atarudia mtihani, na aliyefeli sapu akaambiwa kadisko, yaani ndiyo basi tena, afungashe virago.

"Jamani, Mwalimu Kihwele kala sapu!" alisema Sekela, mwalimu wa kemia, mwenye mdomo wa kuchekesha chumba kizima.

Chumba kikacheka. Mwalimu Yusto Kihwele wa hisabati naye akacheka, tena kwa muda mrefu kuliko wao. Alikuwa mzee kuliko wote mle ndani ukimwacha Mkuu, na karibu nusu ya waliokuwa wakimcheka aliwafundisha yeye.

"Nitakesha nikisoma," alisema. "Sapu si kifo."

Birika-tembezi, lile la magurudumu lililojua kila mwalimu anataka sukari kiasi gani, likasimama mbele yake likammiminia. Alipoinua kikombe, chai ilimwagika kwenye sahani. Akakirudisha mezani taratibu na hakukigusa tena.

Atuganile aliona. Kisha akaangalia jina lake ukutani. A, kama jana, kama siku zote.

Mwalimu Kihwele alimfuata nje, ukumbini, mahali ambapo madirisha makubwa yalionyesha magari yanayoning'inia kwenye waya yakipandisha wanafunzi kutoka mjini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Daktari. Nipe dakika moja tu." Alisubiri wanafunzi wawili wapite. "Nisikuzungushe. Sapu yangu ni kesho. Nikifeli nimedisko. Mkufunzi-bandia anachukua darasa, mimi naenda nyumbani kulisha kuku. Na kuku wenyewe sina."

Atuganile akatabasamu. Mzee hakutabasamu.

"Nakuuliza kwa kuwa wewe ndiye uliyeyasomea haya. Una madarasa mengi kama yangu, una maabara, una mtoto mdogo. Na kila siku A. Hebu niambie ukweli, binti yangu. Unafanyaje?"

Swali liliulizwa waziwazi, na ukumbi ulikuwa mtupu. Nafasi ya kujibu ilikuwepo.

"Ni kupumua tu, Mwalimu," alisema Atuganile. "Kupumua polepole. Na kulala mapema."

"Kupumua," akarudia Mwalimu Kihwele, kama mwanafunzi anayenakili jibu asilolielewa lakini anaona soni kuuliza tena. "Basi ahsante. Nitajaribu."

Uongo mtupu! Atuganile hakuwa na siri yoyote ya kupumua. Kila siku baada ya vipindi vya mchana aliingia stoo ya vifaa vya umeme, akafunga mlango, akakaa juu ya kasha la nyaya na kulia. Hakulia kwa sababu moja. Alilia kwa kazi za wanafunzi zisizokwisha kusahihishwa, kwa ujumbe wa wazazi ulioingia mpaka mezani anapokula na mwanawe, kwa kusimama mbele ya vijana mia mbili akijifanya ana nguvu. Wakati mwingine, kutoka upande wa pili wa ukuta, mabomba ya zamani yaliguguma. Alishukuru kwa hilo, kwa sababu yalifunika sauti yake. Kisha ananawa uso, anapaka poda, anarudi kazini.

Na hilo lingekuwa lake mwenyewe kama lisingeingia ndani ya mashine. Kila kipimo kinahitaji pa kuanzia. Mizani haiwezi kufanya kazi bila jiwe. Kisomaneva kilihitaji kwanza kumjua mwalimu mzima wa afya, ndipo kiweze kuwatambua wasio wazima. Wakati wa majaribio Atuganile alijitolea kuwa jiwe hilo. Alipofungua mchoro wa neva zake, alikuta mstari unaruka kila alipokaribia mlango wa darasa, na kila mchana unaporomoka palepale, stoo. Angeuacha ulivyo, mashine ingejifunza kwamba mwalimu wa kawaida hutetemeka, na kwamba hilo lenyewe ndilo tatizo la kutibiwa. Lakini mchoro ungeonwa na bodi nzima ya chuo, watu waliokuwa wamemwita kipaji cha taifa. Akashikwa na aibu. Akazikata zile saa zote, akazipa jina la hitilafu ya kifaa, akaunganisha zilizobaki. Kola yake mwenyewe akaifunza kuziruka saa za namna hiyo daima.

Kwa hiyo walimu wote wa Igongwa walikuwa wakipimwa kwa mtu ambaye hayupo duniani.

Alijua pia mengine. Alijua kwamba karibuni mistari ya walimu ilikuwa imenyooka kupita kiasi. Alijua Sekela ana tembe za kutuliza, na kwamba zinapokezwa chini ya meza za chai, na watu walewale wanaofukuza wanafunzi kwa kuibia mtihani. Alijua mwalimu wa historia alimtuma pacha wake aje kuvaa kola siku ya mahafali. Angeuliza, ingebidi na yeye aulizwe. Akanyamaza.

Kesho yake, siku ya sapu, darasa la mwaka wa kwanza lilijaa. Mzee Chengula na Atuganile walikaa nyuma, na juu ya ubao taa ndogo iliyounganishwa na kola ya Mwalimu Kihwele ilikuwa ya kijani, rangi ya utulivu. Mwalimu Kihwele aliingia akitembea kwa upole mno. Macho yake yalikuwa mazito. Atuganile akamwelewa papo hapo: Sekela alikuwa amemhurumia, akampa tembe, na mzee kwa hofu ya kudisko alizimeza nyingi kuliko alizoambiwa.

"Wanangu, leo tunakamilisha mraba," alisema Mwalimu Kihwele. Jambo hilo alikuwa amelifundisha tangu enzi za chaki. Aliandika mstari wa kwanza kwa kidole, na mwandiko wake ukang'aa ubaoni, mzuri kama kawaida. Akaandika nusu ya mstari wa pili. Akasimama.

Darasa likasubiri. Yeye naye akasubiri, kidole kikiwa hewani.

"Inayofuata..." alisema. "Hii inayofuata..."

Taa ilikuwa kijani kibichi, haipepesi hata kidogo.

"Gawanya kwa mbili, Mwalimu," msichana mmoja wa mbele alimnong'oneza, kwa huruma, jinsi wanafunzi wanavyonong'onezana.

Mzee aligeuka akamtazama. Kisha machozi yakaanza kumtoka, bila kwikwi, bila mabega kutikisika, kwa sababu tembe zilikuwa zimeufunga mwili wote na kuacha macho peke yake. Vijana sitini walikuwa wanamwangalia. Akauegemea ubao, na mraba wake ambao haujakamilika ukaangaza bega lake.

"Samahani, wanangu," alisema. "Sikumbuki."

Msichana yule ndiye aliyeinuka akamshika mkono na kumkalisha. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Mzee Chengula hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetazama taa. Kwenye chai alisimama mbele ya ukuta, uso umemkunjuka.

"Ndugu zangu, mengine tumeyaona, ni uzee, yanatokea. Lakini tazameni wenyewe! Mwalimu Kihwele, A! Katika hali ngumu kama ile, utulivu wa asilimia mia. Amefaulu sapu, hongera sana! Na kwa kuwa ameonyesha ana nafasi, muhula ujao tunamwongezea mikondo miwili."

Watu wakapiga makofi machache yasiyo na nguvu. Mwalimu Kihwele alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, haya zimemjaa usoni. Hakumwangalia mtu. Birika-tembezi lilikuja, likamngoja, likaondoka.

Mikondo miwili! Atuganile aliona wazi kwamba mzee huyu hatamaliza muhula. Ataanguka mbele ya watoto wengine, na taa itakuwa ya kijani. Akasimama. Akavua utepe kwenye ukosi wake, akaubandika kwenye ukuta wa kioo, akaiamuru mashine irudishe saa zote alizozikata.

Mstari wake ukaanza kujichora ukutani. Uliruka, ukaporomoka, ukaruka, siku hadi siku, muhula hadi muhula, mpaka ukajaza kioo chote. Ile herufi mbele ya jina lake ikabadilika. F.

"Hitilafu hiyo," alisema Mzee Chengula haraka. "Si ni hitilafu, Daktari?"

"Si hitilafu, Mzee. Ni mimi." Sauti ilimkwaruza, na kila mtu aliisikia bila mashine. "Kipimo mnachopimwa nacho nilikifoji. Nilitoa humo kila saa niliyotetemeka, kwa sababu niliona aibu nionekane. Hamkuwa mmefeli ninyi. Hakuna mwalimu anayeweza kuufikia mstari ule, hata mimi. Na nilijua kuhusu tembe, nikanyamaza ili nisigundulike."

Sekela alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini. Mwalimu wa historia akakodolea macho viatu vyake.

Mwalimu Kihwele ndiye aliyeinua uso. Alimtazama Atuganile muda mrefu, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, Mwalimu."

"Pale ukumbini. Nikakwambia binti yangu, niambie ukweli. Ukaniambia nipumue." Ulimi wake ulikuwa bado mzito. "Nimepumua usiku kucha, mwanangu. Nikaona hata kupumua kumenishinda."

Atuganile alitaka ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi darasani sirudi. Watoto wameshaniona." Alisema hilo kama jambo lililokwisha. "Ila swali langu hujalijibu. Jibu sasa. Unafanyaje?"

Chumba kizima kilimgeukia.

"Sifanyi, Mwalimu. Nimeshindwa siku nyingi. Nikitoka darasani nalia."

"Wapi?"

"Stoo."

"Stoo ipi?"

"Ile ya vifaa vya umeme. Mwisho wa ukumbi."

Mwalimu Kihwele aliufunika uso kwa kiganja, akakaa hivyo. Alipokiondoa, macho yalikuwa yamelowa tena.

"Mimi naingia ile ya viti vibovu," alisema. "Hiyo hiyo ya jirani. Ukuta wetu mmoja." Akatikisa kichwa polepole. "Muhula mzima nasikia kitu upande wa pili, nasema moyoni, hawa watu watatengeneza lini haya mabomba?"

Atuganile aliinama mbele yake, mbele ya wote, akashindwa kumwangalia.

"Na mimi nilidhani ni mabomba," alisema.