Mpira Aliouacha Mbaruku

Mwanamkasi binti Mwinyimvua alikuwa na ulimi mkali, na Bagamoyo nzima ilijua. Siku hiyo ya mwaka 1886 msafara wa pembe za ndovu ulikuwa umeingia kutoka bara, soko limefurika, wapagazi na mizigo yao wamesongamana mpaka kizingitini kwa baba yake, mfuma nyavu. Katika zahama ile akatokea kijana mwenye kanzu safi na kofia iliyokaa upande, akamwekea wavu miguuni.

"Umetoboka, bibie. Naomba unishonee."

Mwanamkasi akaukunjua. Ulikuwa mfupi, wenye matundu madogo, na ukingo wake wa juu umepindiwa kitambaa cheupe.

"Samaki gani anayevuliwa kwa wavu uliovishwa kilemba?"

"Huu hauvui samaki. Unagawa uwanja, na mpira unapita juu yake."

Mwanamkasi alidhani anachezewa, akamwambia akatafute wa kumcheka kwingine. Kijana hakuondoka. Alieleza kwamba anaitwa Mbaruku, mtumishi wa Mzungu mnunuzi wa pembe ambaye watu walimwita Bwana Miwani, na kwamba nyuma ya nyumba ya Mzungu huyo kulikuwa na kiwanja cha mchezo uitwao tenisi. Mwanamkasi aliushona wavu, lakini akaapa kuupeleka mwenyewe ili auone uwongo huo kwa macho yake.

Haukuwa uwongo. Ua ulikuwa umesawazishwa kwa udongo wa kichuguu, ukashindiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu, na mistari imechorwa kwa chokaa. Hija, mpishi wa nyumba ile, alimkaribisha kwenye kivuli cha jiko, naye akatazama. Bwana Miwani alikosa Mzungu wa kucheza naye, ndipo akamfundisha Mbaruku, aliyeajiriwa kuokota mipira tu. Sasa mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu. Mbaruku hakuupiga mpira kwa nguvu. Aliungoja, akauzungusha mkono, akaukata kwa chini, nao ukianguka ng'ambo ulijikunja kando kama kaa. Jasho lilikuwa limeibandika fulana mgongoni. Mwanamkasi alijikuta ameshika pindo la leso yake kwa mikono miwili.

Tangu hapo Mbaruku hakukosa sababu ya kupita kwa Mwinyimvua. Leo wavu umelegea, kesho kamba imekatika. Alimletea asumini, akamsimulia aliyoyasikia kwa bwana wake: kwamba zamani wafalme wa Ulaya walicheza mchezo huo ndani ya kuta, kwa viganja vitupu, na raketi zilikuja baadaye. Alimweleza pia hesabu yake, kumi na tano, thelathini, arobaini, na Mwanamkasi akasema watu wanaoruka namba hivyo si wa kuaminiwa. Mwezi wa tatu Hija alitumwa kuposa. Mwinyimvua akakubali, na binti yake hakukataa.

Kisha ikaja manowari, na ndani yake afisa aliyesifiwa kuwa bingwa. Bwana Miwani alialika Wazungu wenzake, viti vikapangwa. Mwanamkasi alivaa leso mpya, akajifukiza udi, akasimama pale jikoni.

Mbaruku aliongoza tangu mwanzo. Ilibaki pointi moja. Afisa akarudisha mpira dhaifu, ukadunda mbele ya Mbaruku kama unaomwomba apige. Mbaruku akamtazama bwana wake, akauacha ukapita. Uliofuata akaupiga wavuni. Uliofuata akautupa nje. Akaendelea hivyo hivyo hadi akashindwa. Wazungu wakapiga makofi, na afisa akampapasa bega kama apapasavyo mtu punda wake.

Mwanamkasi alimngoja langoni.

"Umeuacha makusudi."

"Ulinipita."

"Usinifanye mjinga, Mbaruku. Miezi mitatu nakutazama. Ule hata mimi ningeupiga."

Mbaruku akaiweka sawa kofia yake.

"Siolewi na mtu anayejiinamisha mwenyewe," akasema, akamvua kofia na kuitupa mchangani. Mbaruku akaiokota, uso umekunjamana, akamwambia kwamba anasema asiyoyajua, kisha akaenda zake.

Siku kumi na moja hawakuonana. Mwanamkasi alifuma nyavu kwa hasira hata mafundo yakawa hayafunguki, na baba yake alipomwambia hasira ni hasara alijibu kwamba hasara yake ataibeba mwenyewe. Siku ya kumi na mbili akaja Hija. Hakuja kubembeleza. Alieleza kwamba asubuhi ya mchezo Bwana Miwani alimwita Mbaruku, akamkumbusha mkataba aliouwekea alama mbele ya liwali, kwamba atakwenda popote atakapotumwa kwa miaka miwili. Akimwaibisha mgeni, atapelekwa Tabora na msafara utakaofuata. Ndiyo maana aliuacha mpira. Hakutaka kumwacha mchumba.

Hija alidhani hasira itapoa. Ikazidi. Mwanamkasi alivaa ukaya wake kichwani, akaenda moja kwa moja hadi kiwanjani, alikomkuta Mbaruku akimwagia udongo maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nini?"

"Ningesema upige. Miaka miwili ningekungoja. Wewe umeniamulia kwamba siwezi, ukajishusha mbele ya watu, kisha ukanitwisha mimi sababu bila kunijulisha."

Mbaruku aliweka ndoo chini. Kwa sauti ya chini alisema kwamba kila akilala anauona mpira ule ukipita, na kwamba anamchukia bwana wake, anamchukia afisa, na anajichukia mwenyewe zaidi ya wote wawili.

"Basi anza na hao wawili," Mwanamkasi akasema.

Manowari ilirudi mwezi uliofuata. Bwana Miwani alimwita Mbaruku pembeni tena, akarudia vitisho vyake. Mbaruku akamsikiliza, akaingia kiwanjani, akacheza kama mtu anayefukuza mwizi. Hakumpa afisa nafasi ya kupumua. Mpira wa mwisho aliupiga kwa raketi, mgongo wa mkono ukitangulia, ukagusa chokaa ya pembeni, vumbi jeupe likaruka. Safari hii hapakuwa na makofi, ila Hija aliyepiga kigelegele jikoni.

Hukumu ilitoka jioni ile ile: Jumatatu, Tabora. Mwinyimvua akaita mashekhe, ndoa ikafungwa Ijumaa.

Jumatatu msafara ukaondoka kwa ngoma. Mwanamkasi alifuatana na mumewe hadi kivuko cha mto Kingani, furushi kichwani, njia nzima akimgombeza: kwa kusaini asichokisoma, kwa kuuacha mpira ule, kwa siku kumi na moja za kimya. Mtumbwi ulipofika Mbaruku alimshika mkono, machozi yakimlengalenga, akamwambia arudi sasa kabla jua halijawa kali.

"Nirudi wapi? Nimekwisha kumuaga baba."

Akapita mbele yake, akaingia mtumbwini, akaweka furushi mapajani.

"Bado nina hasira na wewe," akasema. "Mpaka Tabora ni miezi mitatu. Ingia."