Rangi kwenye Magoti ya Mama Sixbert

Kila Jumamosi asubuhi Pamela na Jane walisugua sakafu ya sebule bila kusemeshana. Ilikuwa sakafu ya matofali ya kuchoma, na kila mmoja alikuwa na upande wake. Jane, binti wa mjomba Bartolomeo wa Madaba, alikuja Songea kusoma. Tangu aje, alikuwa akimshinda Pamela kwenye mitihani, tena akilalia nusu ya kitanda chake. Pamela alimchukia, wala hakuficha.

"Wiki ijayo jumuiya inasali kwetu," alisema Notburga, mama yake Pamela. "Pamela, utapaka sakafu rangi nyekundu. Lakini tandika nailoni kwanza, ilale usiku kucha. Ukiifunua ukakuta jasho chini yake, tofali bado lina maji. Usiguse brashi."

"Sawa, mama."

Pamela alipoifunua, alikuta matone tele. Lakini mazoezi ya kwaya yalikuwa yanaanza, naye hakutaka kukosa. Akaisukuma nailoni nyuma ya kabati, akapaka harakaharaka, akaenda zake. Sakafu iling'aa hadi mama akamsifu mbele ya Jane, na sifa hizo zilimnogea.

Siku ya jumuiya, waumini waliimba, wakapiga magoti. Walipoinuka, jirani yao Mama Sixbert alitazama kitenge chake kipya, akapiga ukelele.

"Notburga! Umetuita kusali au kutupaka rangi?"

Magoti yake yalikuwa mekundu, na pale alipopiga magoti palibaki matofali matupu. Aliondoka bila hata kunywa kikombe cha togwa.

Mama aliwageukia wasichana, uso umemkunjamana. "Nani kaharibu?"

"Jane alimwaga maji, mama. Nilimwona." Maneno yalimtoka Pamela mepesi kabisa.

"Shangazi, mimi siku..."

"Nyamaza! Juzi umevunja chupa ya chai, leo sakafu! Kesho unarudi Madaba kwa baba yako."

Jane hakulia. Alifunga nguo zake kwenye kanga, lakini sare ya shule akaikunja vizuri na kuiacha kitandani.

"Kitanda chote chako sasa," alimwambia Pamela. "Na namba moja pia."

Hicho ndicho Pamela alichokuwa akikiomba. Alipokipata, hakukitaka tena. Aliitazama ile sare, akaona aibu kubwa. Akaenda kuitoa nailoni nyuma ya kabati, akampelekea mama.

"Mama, ilikuwa na maji. Niliona, nikapaka tu. Jane hakufanya kitu."

Mama aliiweka nailoni kando, akamwita Jane. "Jane, fungua huo mzigo. Nimekukosea, mwanangu, nimekuhukumu kabla ya kukusikiliza." Kisha akamgeukia Pamela. "Na wewe, nenda kwa Mama Sixbert sasa hivi ukamweleze kwa kinywa chako. Ukirudi, utakwangua sakafu yote peke yako."

Pamela alikwangua hadi vidole vikamuuma, kisha akatandika nailoni tena. Safari hii Jane ndiye aliyeifunua nailoni. Aliipapasa sakafu kwa kiganja, akamrushia Pamela brashi.

"Pamekauka. Paka." Hakutabasamu.

"Mama, hajanisamehe," Pamela alinong'ona Jane alipotoka.

"Si lazima akusamehe leo," mama alijibu. "Ulifunika maji kwa rangi, kisha ukafunika kosa kwa uongo, na vyote vimebanduka. Njia ya mwongo ni fupi. Hasira ya uliyemdhulumu nayo hukauka polepole, kama tofali. Ngoja, mwanangu, wala usiipake rangi."