Kengele ya Chumba cha Picha

Kengele ililia saa nne asubuhi, na kitanda cha mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kilikuwa kitupu.

Mpiga picha wa hospitali alichungulia kupitia kioo. Kile kipira ambacho mgonjwa hukibonyeza kupiga kengele akizidiwa kilining'inia kwenye ndoano, hakikuguswa na mtu. Fundi alikuja, akakagua nyaya, hakuona kasoro.

Kesho yake ikalia tena. Safari hii chumba kilinuka mafuta ya nazi, kama aliyokuwa akijipaka mama mdogo wake, yule aliyemlea, aliyezikwa miezi miwili nyuma.

Siku ya tatu spika ilikohoa, kisha sauti ya mama mdogo ikasema polepole, "Mwanangu, nitoe kidogo nikohoe," na mpiga picha akayatambua, maana maneno hayo aliwahi kuyasikia humo humo, siku mama mdogo alipoletwa baada ya dozi ya kwanza ya dawa ya saratani, apigwe picha ambayo kompyuta huisoma na kutabiri kama dawa itausinyaza uvimbe au ibadilishwe mapema, naye mpiga picha, kwa kuwa alitaka kuwahi kutoka kazini, akamjibu, "Vumilia, tunamaliza," picha ikatoka na ukungu kwa kile kikohozi, akasaini kwamba ni safi, kompyuta ikatabiri mema, na mama mdogo akaachwa kwenye dawa ile ile huku uvimbe ukimla.

Alimleta mtabibu wa majini, mama mtu mzima asiye na maneno mengi.

"Wewe nani?" mtabibu aliuliza mbele ya kioo.

"Si mama yake," spika ikajibu. "Nilikuwa napita, nikakuta siri, nikahamia."

Mtabibu akamgeukia. "Umeficha nini, baba?"

Akamweleza kwa kunong'ona.

"Mimi sina cha kufukuza hapa. Kamwambie mwenye haki ya kujua. Likikosa pa kukaa, litaondoka lenyewe."

Jioni alikwenda kwa dada yake, binti wa marehemu. Akasema yote, macho sakafuni. Chai ikapoa mbele yao.

"Kwa hiyo dawa ingebadilishwa," dada alisema.

"Ingebadilishwa. Labda angekuwepo."

"Na jeneza ulilibeba wewe, ukiwa mbele."

Kengele haikulia tena. Alimwandikia mkuu wa idara barua ya kukiri, akasimamishwa kazi miezi mitatu, akarudi. Mwaka ulipogeuka, dada aliingia na karatasi ya daktari. Naye alikuwa na uvimbe, na dozi ya kwanza ameshapata.

"Wapo wapiga picha wengine, dada."

"Najua. Nimekuja kwako. Nikikohoa, simamisha."

Alisimamisha mara tatu, kila mara akaanza upya. Picha ikatoka safi kabisa. Lakini utabiri ulipoanza kujiandika kwenye skrini, alimwita mwenzake aje ausome, akatoka hadi koridoni, akasimama uso ukutani hadi alipoitwa.