Mtungi Uliopakwa Rangi

Kila alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, Kijiko alikuwa na kazi moja ambayo hakuruhusiwa kuisahau. Alichota maji kwa kata, akanyata hadi chumbani mwa mama yake, akayamimina polepole kwenye mchanga uliojazwa kati ya mitungi miwili, mdogo ukiwa ndani ya mkubwa. Katika ule mdogo, chini ya kifuniko cha udongo, mlikuwa na chupa ya dawa isiyozidi kidole gumba kwa urefu. Chupa hiyo ilitegemewa na watu wawili: mama, na mtoto ambaye hakuwa amezaliwa.

Jina la Kijiko alipewa na bibi yake mzaa baba, kwa kuwa hapakuwa na chungu nyumbani ambacho mtoto huyo hakukitia mkono. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwepesi wa kujifunza, na mwepesi zaidi wa kujaribu jambo kabla ya kuuliza. Baba yake alikuwa seremala mwenye karakana uani. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na mitungi yake ilisifiwa hata katika vijiji vya ng'ambo ya mto.

Mimba ya mama ilipokuwa imekua, mkunga wa zahanati alimtoboa ncha ya kidole, akalitazama tone la damu kwenye kipimo. Kisha akaeleza kwamba sukari katika damu imepanda kupita kiasi. Ugonjwa huo huitwa kisukari cha mimba. Humpata hata mwanamke ambaye hajawahi kuugua kisukari, na mara nyingi humwachia akishajifungua. Usipodhibitiwa, mtoto hunenepa mno tumboni, uzazi huwa mgumu, na pengine mtoto hupotea. Mkunga alimfundisha mama kupunguza vyakula vya wanga na vitu vitamu, kuongeza mboga na kunde, na kutembea baada ya kula. Hayo yalisaidia, lakini hayakutosha. Ndipo alipompa insulini, dawa ya sindano, akamwelekeza namna ya kujichoma mwenyewe kila asubuhi.

Dawa ile haipatani na joto. Nyumbani hapakuwa na umeme, seuze jokofu, na wakati wa kiangazi bati la paa liliwaka kama kikaango. Mkunga alipouliza dawa itahifadhiwa wapi, mama alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mkunga, unamuuliza mfinyanzi mahali penye ubaridi?"

Alifinyanga mitungi miwili ya udongo mtupu, bila kuing'arisha, akatia mchanga katikati, akaulowesha. Alimweleza Kijiko kwamba maji hupenya udongo taratibu na kutokeza nje, na yanapokaushwa na upepo huondoka na joto la ndani. "Mtungi hai hutoka jasho," alisema. "Ukiukuta mkavu, ujue umekufa." Kisha akamkabidhi kazi ya kuutunza, kwani kuinama kulikuwa kumeanza kumlemea.

Kosa lenyewe lilizaliwa na mapenzi. Kijiko aliuona mtungi ule kuwa kitu cha aibu, wenye mabaka ya unyevu, ilhali mitungi ya kuuza ilinakshiwa na kung'arishwa. Alitaka mgeni wao akizaliwa akute chombo kizuri chumbani. Siku ambayo wazazi na Bibi walikwenda kushinda msibani, aliitumbukiza chupa katika bakuli la maji kivulini, akautoa mchanga, akauanika mtungi mkubwa juani hadi ukakauka. Halafu akaingia karakanani, akachukua bila ruhusa mabaki ya rangi ya mafuta, ile ya buluu ambayo baba aliitumia kupaka milango, akaupaka mtungi kuanzia shingoni hadi kitakoni. Jioni kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, na mtungi umevishwa shuka kuukuu. Mama alipouliza shuka ni ya nini, Kijiko alijibu kwamba ni ya kuzuia vumbi. Harufu ya rangi katika nyumba ya seremala haimshtui mtu.

Siku zilizofuata aligundua jambo moja, akalifurahia: mchanga haukukauka tena. Maji aliyotia jana aliyakuta leo. Akajiambia kwamba kazi imepungua, wala hakujiuliza kwa nini.

Mama naye akaanza kubadilika. Alikunywa maji kama mtu aliyetembea jangwani, na kiu haikukatika. Alisema macho yake yanaona ukungu. Alikaa mbele ya udongo wake, mikono magotini, bila kufinyanga kitu. Alipokwenda zahanati, mkunga alikunja uso na kuuliza amekula nini. Mama akataja kila kitu, na mkunga akamwambia arudi tena upesi.

Bibi hakuwa mtu wa kuficha dhana yake. Alihamisha kopo la sukari kutoka jikoni, akawa analala nalo chini ya mto. Sisimizi wakalifuata huko, wakamng'ata shingo, naye akaamka akijikuna na kulaumu watu wasio na haya.

"Mkwe wangu," alisema wakati wa chakula, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama kuna unacholamba tukiwa tumekupa kisogo, sema sasa. Huyo mtoto ni wetu sote."

 Mama alikisogeza chakula chake kando, akainuka taratibu akishika ukuta, akaingia chumbani. Baba alimtazama mama yake mzazi, kisha akamtazama mke wake akienda. Kijiko alilia kimoyomoyo. Alijua mama hajalamba kitu, maana kila alipotoka shuleni yeye ndiye aliyekuwa kivuli chake.

Ukweli ulimjia adhuhuri moja ya joto kali. Alikuwa ameingia chumbani kumpelekea mama maji, akamkuta amesinzia. Kwa uchovu akaketi sakafuni, akauegemeza mgongo kwenye mtungi, kama alivyozoea zamani kabla ya shuka na rangi, ili apate ubaridi. Mtungi ulikuwa na fukuto kama ukuta uliopigwa na jua. Akainua shuka, akapapasa: rangi nyororo, kavu kabisa, bila tone. Akalikumbuka neno la mama. Mtungi ulikuwa umekufa, na aliyeuua ni yeye. Maji hayakukauka kwa sababu hayakuwa na pa kutokea. Chupa ilikuwa imeokwa humo siku zote hizo. Kwa kuwa mama alijichoma asubuhi, saa ambayo kila kitu nyumbani ni baridi, mkono wake haukuweza kuhisi tofauti.

Jambo la kufanya lilikuwa moja tu, kusema. Kijiko hakulifanya. Alichukua msasa wa baba akajaribu kuikwangua rangi kwa siri, lakini ilikuwa imeingia ndani ya udongo, naye akaambulia kucha za buluu. Shuleni, mtoto wa mwashi aliyekaa naye dawati moja alimtania kuhusu kucha hizo, akauliza kama amekula wino. Kijiko, ambaye kwa kawaida hakukosa jibu, alificha mikono chini ya dawati. Alimkumbuka mke wa fundi baiskeli, ambaye mwaka uliopita alikwenda kujifungua, akarudi na nguo za mtoto zikiwa zimekunjwa vilevile. Kila aliposikia hatua za haraka nje ya darasa, alidhani ameitwa.

Aliporudi nyumbani alikuta mama ameketi kitandani, kiganja juu ya tumbo, akisikiliza kwa mkono.

"Leo hachezi," mama alisema kwa sauti ndogo, kama anayejisemea. "Tangu asubuhi hajacheza."

Baba aliacha randa juu ya ubao. Alifunga kiti cha mbao nyuma ya baiskeli, akampakia mama, akaikokota baiskeli njia nzima hadi zahanati. Bibi alifuata nyuma akiomba dua. Kijiko alipewa chupa ya dawa aibebe, imefungwa katika kitambaa, naye aliibeba kana kwamba ni kaa la moto.

Mkunga alimlaza mama kitandani, akaweka kijipembe cha mbao cha kusikilizia tumboni na sikio lake juu yake.  Baba alishika kofia yake kwa mikono miwili. Mkunga alihamisha kijipembe, akasikiliza tena, akakihamisha mara nyingine. Hatimaye akainua kichwa, akasema moyo wa mtoto unapiga, ila mtoto amechoka. Alipopima damu, sukari ilikuwa juu kuliko siku zote. Akaanza kuwaza kwa sauti: dawa haimtoshi, itabidi kipimo kiongezwe, tena kwa wingi, na kwa kuwa chupa hii inakaribia kwisha, atampa mpya.

Bibi akatikisa kichwa. "Mwongezee, Mkunga. Mtu anayekula sukari kwa siri atahitaji dawa ya ng'ombe."

Mama aligeuza uso ukutani. Kijiko aliyaona mabega yake yakitetemeka, na jambo fulani ndani yake likashindwa kuendelea kubeba mzigo ule.

"Mama hajala sukari," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ni mimi. Niliupaka mtungi rangi ya mafuta. Hautoki jasho tena. Dawa imeungua humo, na nilijua, nikanyamaza."

 Baba alitazama zile kucha za buluu, kisha akatazama chini. Mkunga aliichukua chupa, akakifungua kitambaa, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Dawa iliyoharibiwa na joto hailalamiki," alisema. "Huonekana vilevile, kumbe nguvu zimekwisha." Akamgeukia Kijiko. "Mjukuu wangu, unajua nilikuwa karibu kufanya nini? Ningemwongezea mama yako kipimo, kisha nimpe chupa mpya yenye nguvu zake zote. Kesho asubuhi angejichoma, na sukari ingeshuka ghafla. Angetetemeka, angetokwa na jasho, angeanguka na kuzirai. Wewe ungekuwa shuleni, na baba yako karakanani."

Kijiko akaketi sakafuni. Mkunga hakumwinua. Alikwenda kwenye jokofu la chanjo, akatoa chupa nyingine, akampa mama kipimo kilekile cha mwanzo. Akaamuru mama abaki pale zahanati chini ya uangalizi hadi sukari itulie. Kabla giza halijaingia, mtoto alipiga teke, na mama akacheka huku machozi yakimtoka.

Bibi alitoka nje, akarudi nyumbani. Alipokuja asubuhi alikuwa na kopo la sukari mkononi, akaliweka juu ya magoti ya mama mbele ya watu wote.

"Nilikuhukumu bila ushahidi, mkwe wangu," alisema. "Nisamehe. Litunze mwenyewe. Na sisimizi wake uwatunze pia, mimi wamenitosha."

Baba hakumchapa Kijiko. Alimwambia kwamba rangi aliyoichukua bila ruhusa ni wizi hata kama nia ilikuwa njema, na kwamba ni lazima atengeneze mtungi mwingine kwa mikono yake mwenyewe. Wa kwanza ulipasuka tanuruni. Wa pili ukawa mshazari, na mtoto wa mwashi alipouona akauliza kama umelewa, lakini ulitoka jasho, na jasho ndilo lililotakiwa. Kijiko aliupapasa asubuhi na adhuhuri. Mama alijichoma, akala alivyoelekezwa, akatembea hadi kisimani na kurudi, Bibi akiwa ubavuni mwake, sasa kama mlinzi wake. Siku zilipokaribia, mkunga aliwapeleka mapema hospitali kubwa. Mtoto wa kiume alizaliwa, akapimwa sukari mara moja, akaonekana mzima. Sukari ya mama nayo ikashuka, ingawa mkunga alimwonya arudi kupimwa baada ya wiki chache, na kila mwaka baada ya hapo, kwani ugonjwa ulioijua njia huweza kurudi.

Mtungi wa buluu haukuvunjwa. Mama aliuweka penye mlango wa karakana, ukawa chombo cha kuwekea vipande vya mbao. Siku moja, akimnyonyesha mtoto pale kizingitini, alimwita Kijiko akae karibu.

"Unaona ulivyo mzuri?" alimuuliza. "Wapita njia wote huusifu."

"Lakini haupoozi kitu, Mama," Kijiko alijibu.

"Haupoozi, kwa sababu umezibwa. Mtungi unaotoka jasho una mabaka, na watu hawausifu, lakini kilichomo ndani hukaa salama. Moyo wa mtu ni hivyohivyo, mwanangu. Kosa lako la kwanza lilikuwa la mkono wa mtoto, nami ningelisamehe siku ileile. La pili ulilitenda ukijua: uliupaka moyo wako rangi, ukauziba, na sisi wawili tukaungua ndani. Ukikosea, toa nje upesi. Aibu hukauka kama jasho. Kinachobaki ndani ndicho kinachoua."

Kijiko aliinamisha kichwa. Halafu akainuka, akachukua kata, akaenda kuumwagilia ule mtungi mshazari, ingawa chupa haikuwamo tena.